Ulezi wa Mama Mdogo

Mwaka juzi, mwanzoni mwa mwaka, nilinunua sidiria kumi na mbili za mtumba pale soko la Mwanga. Sikuzinunua za kuvaa. Mimi ni fundi cherehani, na sidiria kuukuu zina faida zake kwa fundi: unapata lastiki, vishikizo, na vile vipete vya kwenye mikanda ambavyo ukivitafuta vipya hapa Kigoma unaweza kuzunguka soko zima ukarudi mikono mitupu. Nilipozimwaga mezani nianze kuzichana, moja ikanitatiza. Ilikuwa nzito, imeshonwa vizuri, na kwa ndani kila kikombe kilikuwa na mfuko. Mfuko kamili, wa pamba laini, una mdomo wake pembeni karibu na kwapa.

Nikacheka. Nikamwita jirani yangu anayeuza vocha, nikamwonyesha. "Ona wenzetu walivyo makini, wamewekewa na pa kuficha hela." Sisi hapa noti tunachomeka tu, ikilowa jasho imelowa. Tukakubaliana kwamba Wazungu wametuacha mbali. Sikuichana. Niliiweka kwenye droo, nikiwaza siku moja nitaiga mfuko ule niwashonee akina mama wa dagaa kule Kibirizi, maana hela yao haipumziki kifuani, inaingia asubuhi na kutoka asubuhi.

Ilikaa kwenye droo miezi saba.

Mama mdogo anaishi Kasulu, si mjini, ni ndani, mwendo wa pikipiki kutoka kwenye lami. Analima maharage na muhogo, ana migomba nyuma ya nyumba. Mama yangu alipofariki nikiwa darasa la tatu, yeye ndiye aliyenichukua. Uvimbe aliugusa mwenyewe akiwa anaoga, titi la kulia, mdogo kama punje ya mahindi. Kwenye zahanati aliyoifikia kwanza wakamwambia ni maziwa yameganda. Mtoto wake wa mwisho alikuwa darasa la sita! Akapewa vidonge, akavimaliza, akapewa vingine. Hapo katikati alipita na kwa mganga mmoja, akachanjwa. Sitaki kulikalia sana hilo. Karibu kila familia ya huku ina hadithi hiyo hiyo, tofauti ni idadi ya miezi. Sisi ilikuwa kumi na moja. Punje ya mahindi ilikuwa imefika ndimu, na kwapani kulikuwa na nyingine.

Wakamkata titi lote, na tezi za kwapani wakazitoa. Zikafuata dripu za dawa, nywele zikaondoka, kisha mionzi. Kwa sisi watu wa magharibi mionzi maana yake ni Mwanza, hospitali ya Bugando, au ufike Dar es Salaam, hospitali ya saratani ya Ocean Road. Alikwenda Mwanza, basi la alfajiri kupitia Kibondo na Nyakanazi, akafikia kwa binamu yetu, akakaa wiki tano. Jumatatu hadi Ijumaa, dakika chache tu kwenye mashine, halafu siku nzima iliyobaki amekaa kwenye nyumba ya watu, yeye ambaye maishani hajawahi kukaa. Alinipigia simu akaniambia ameosha vyombo vyao mpaka maua ya kwenye sahani yamefutika.

Huku kwetu wengi hawasemi titi, wanasema ziwa. "Ametolewa ziwa." Mtoto wa dada yangu, miaka mitano, analiona Ziwa Tanganyika kila siku akitoka shule. Aliposikia hilo akauliza wamelipeleka wapi. Mama mdogo alicheka huku ameshika ubavu, anatuomba tunyamaze, maana mshono ulikuwa bado haujakaza na kicheko kilimvuta.

Baada ya hapo watu walidhani yamekwisha. Amepona, amerudi, nywele zimeota. Hata mimi nilidhani hivyo. Nilikuwa nimejiandaa kwa kifo, na mtu aliyejiandaa kwa kifo akaletewa mgonjwa aliye hai haulizi maswali mengine.

Tatizo lilikuwa ndoo. Watu wanasema mwanamke hubeba ndoo kichwani, ni kweli, lakini kichwa hakiipandishi ndoo wala hakiishushi. Mkono ndio unaoipandisha. Na mkono wake wa kulia ulikuwa hauendi juu ya bega. Ngozi ya kifuani ilikuwa imekaza na mionzi imeikaza zaidi, unauona mstari mgumu ukivuta kutoka kwapani kila anapojaribu. Kwa macho yangu ya kifundi ilikuwa kama blauzi ambayo fundi mzembe hakuiachia nafasi kwapani: ukiinua mkono, nguo nzima inakufuata. Tena mkono ulikuwa unavimba. Tezi za kwapani ndizo zinazorudisha maji ya mwilini kutoka kwenye mkono. Zikiondolewa, maji mengine yanabaki huko huko. Asubuhi unaamka umepungua, jioni baada ya jembe umejaa, pete haivuki kidole.

Alijifunza kulimia kushoto. Tuta ambalo zamani alilimaliza kabla ya chai lilichukua siku nzima. Mawese aliacha kukamua, akawa ananunua, na mwanamke wa Kigoma anayenunua mawese dukani wakati anajua kukamua anajisikia kama mvuvi anayenunua dagaa.

Jingine nililiona mimi kabla yake, kwa sababu fundi akimtazama mtu huwa anatazama mabega. Bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka vidole viwili. Mama mdogo ana kifua kikubwa, na titi lililobaki lilikuwa linamvuta upande wake bila kitu cha kulisawazisha upande wa pili. Shingo ikawa inauma, mgongo ukawa unauma, yeye akasema ni uzee. Ana miaka arobaini na minane.

Na salamu. Sisi Waha hatusalimiani kwa haraka. Wanawake wakikutana njiani wanashikana mikono, wanasogeleana, makofi yanapigwa polepole, unauliza habari za nyumba, za watoto, za mifugo, mnarudia. Mama mdogo akaanza kusalimia kwa mbali, mkono mmoja umeshika kanga kifuani. Watu wakasema tangu atoke Mwanza ana maringo.

Mambo ya chumbani aliniambia mara moja tu, jikoni, mgongo umenigeukia, anasonga ugali wa muhogo. "Baba yako mdogo hana neno. Ila zamani taa nilikuwa nazima mimi. Sasa anawahi kuizima yeye." Akaupiga ugali mwiko mara mbili tatu. "Sijui ananistahi mimi au anajistahi yeye." Sikuwa na jibu. Na baba mdogo ni mtu mwema, aliuza mbuzi watatu kwa ajili ya safari zile, kwa hiyo sina hata mtu wa kumkasirikia.

Sasa nije kwa kuku.

Ilikuwa mwezi wa nane, msibani, kwa jirani zao. Wanawake tumekaa kwenye mikeka nyuma ya nyumba, wengine wanamenya muhogo, wengine wanachambua maharage. Mama mdogo akainuka, akainama kuvuta sufuria. Nikasikia mchakacho mdogo, kama mvua inapoanza kwenye majani ya mgomba. Punje nyekundu zilikuwa zinatiririka kutoka chini ya blauzi yake, zinaruka kwenye mkeka, zinasambaa. Kwa muda hakuna aliyeelewa. Kuku walielewa. Jogoo mmoja alikuja mbio na mitetea nyuma yake, wakaanza kudonoa pale pale miguuni pake, na yeye amesimama na kifuniko cha sufuria mkononi, upande mmoja wa kifua unanywea mbele ya macho yetu.

Hakuna aliyecheka. Bibi mmoja mzee, ambaye mpaka leo sijui anahusianaje na wafiwa, alivua kanga yake ya juu, akamfunga mama mdogo kifuani, fundo nyuma ya shingo, kisha akarudi kwenye muhogo wake. Msichana akawafukuza kuku. Mtu akaanzisha wimbo, na haukuwa wakati wa wimbo.

Ulikuwa ulezi. Miezi yote ile alikuwa anajishonea mwenyewe, kwa mkono, gizani, bila kuniambia mimi mwenye cherehani. Alianza na pamba, lakini pamba haina uzito, inapanda. Akilima asubuhi, saa nne titi liko begani. Akajaribu mahindi, yakaingiwa na dumuzi. (Dumuzi ndiye yule mdudu watu waliyempa jina la Scania kwa anavyotoboa. Si mwenyeji wa nchi hii; alianzia kuonekana kwa jirani zetu wa Tabora, miaka ile ya 1970 ikielekea 1980, akitokea Amerika ya Kati. Ametula mahindi miaka arobaini, sasa na hili.) Ndipo akafikia ulezi. Punje zake ni ndogo, zinatulia, zinafuata mwili. Aliukaanga kidogo kwanza, usije ukaota kwa jasho. Mtu aliyefikiria mpaka huko si mtu ambaye "amekubali hali", kama tulivyokuwa tunasema kwenye simu za ukoo.

Ulezi. Neno ni lile lile moja, punje za uji na kazi ya kulea mtoto wa marehemu dada yako, na mimi vyote viwili nimevipata kwake.

Usiku ule nilipolala kwake ndipo nilipoikumbuka sidiria ya kwenye droo. Niliketi kitandani. Mdomo wa mfuko uko pembeni, karibu na kwapa. Hela huwezi kuiweka kwapani.

Baadaye nilisoma kwenye simu habari za watu wanaovaa sidiria zile. Ruth Handler, mama wa Marekani aliyebuni mwanasesere Barbie mwaka 1959, alikatwa titi mwaka 1970. Alipotafuta la bandia la kumfaa hakulipata, akaanzisha kampuni ya kuyatengeneza, akasisitiza la kulia na la kushoto yawe tofauti, kama viatu. Nilipiga meza niliposoma hapo, kwa sababu wiki hiyo hiyo nilikuwa nimeharibu vitambaa viwili kwa kutolijua hilo. Titi si duara. Lina mkia unaoelekea kwapani, na upasuaji huondoka na mkia huo pia, ndiyo maana ukiweka kitu cha mviringo bado pembeni panabaki shimo na nguo inazama. Umbo lenyewe ni la tone la maji lililolalia upande. Mgongo wake nao usiwe bapa, uwe na bonde kidogo, ukae juu ya mbavu bila kusugua kovu.

Uzito tuliupata hivi. Mama mdogo hana kioo kikubwa, kwa hiyo alisimama mlangoni, mimi nikarudi nyuma hatua tano, nikatazama mabega. Binti yake anaongeza ulezi kwa kijiko. Ongeza. Ongeza. Punguza. Mabega yalipolingana tulifunga kimfuko, nikakipeleka dukani kupima. Kijana wa dukani akauliza ni nini. Nikamwambia ulezi wa uji. Gramu 480. "Uji wa nani huu, dada, hata nusu kilo haifiki?"

Ulezi nikauweka kwenye kimfuko chake cha ndani, ukizungukwa na sponji, na nje kitambaa cha kanga kuukuu iliyofuliwa mpaka imelainika, kwa sababu kitambaa kipya kingemkwaruza. Kimfuko kinatolewa kikaanikwa. Kila msimu ulezi unabadilishwa, wa zamani wanapewa kuku, wana haki yao. Sidiria niliichukua ile ya mtumba nikaitumia kama ramani, nikashona mifuko kwenye tatu zake za kawaida. Magauni yake nikayafumua upande wa kulia, mkono nikaupanua, shingo nikaipandisha vidole vitatu.

Nilitaka kushona na soksi ya mkono, ile ya kubana ili maji yarudi. Nesi mmoja mteja wangu alinikataza kabla sijakata kitambaa. Soksi ile, alisema, inabana zaidi kiganjani na kwenye kifundo, kisha inalegea kadiri inavyopanda. Ukikosea ukabana juu kuliko chini umefunga mlango maji yakiwa ndani. Hiyo inapimwa na mtaalamu. Nikaacha. Yeye akatufundisha mazoezi: kusimama mbele ya ukuta na kupandisha vidole taratibu kama buibui, kila siku kuvuka alama ya jana kidogo. Ukuta wa nyumba ya mama mdogo mpaka sasa una mistari ya mkaa, wa chini kabisa uko usawa wa mdomo wangu. Na kinyume cha tulivyokuwa tumeambiwa mwanzo, mkono usilazwe kama yai. Ufanye kazi, lakini kazi ipande polepole.

Baada ya majuma machache shingo ilitulia. Bega halijarudi lote, limerudi kidole kimoja na nusu. Na nilimwona kwa macho yangu, njiani, akisimama kusalimia, mikono yote miwili.

Mwaka jana kliniki, daktari mmoja kijana alimwuliza kama angependa kutengenezewa titi jipya. Nilikuwepo. Alituchorea kwenye karatasi. Njia ya kwanza, unachukua msuli wa mgongoni pamoja na ngozi yake, unauzungusha kupitia kwapani mpaka mbele. Hiyo ni ya zamani, Mwitaliano aitwaye Tansini aliieleza tangu mwaka 1906. Ya pili, nyama ya tumboni inapandishwa juu. Ya tatu, kifuko cha silikoni, ambacho kwa mara ya kwanza kiliwekwa kwa mwanamke huko Houston, Marekani, mwaka 1962.

Mama mdogo aliiangalia michoro ile kama anavyoangalia kitambaa anachotaka kushonea sare. "Huo mgongo mnaoukata, ndio huu ninaolimia?"

Daktari hakumdanganya, na kwa hilo namheshimu. Alisema ndiyo, msuli ule ndio unaovuta mkono kutoka juu kuja chini, yaani jembe lenyewe. Wengi wanazoea, misuli mingine inasaidia, lakini mtu wa kazi nzito ataona tofauti. Tumbo je? Ukichukua na msuli wake, ukuta wa tumbo unaweza kulegea, na mizigo mizito inakuwa na hatari ya ngiri. Kuna njia mpya ya kuchukua ngozi na mafuta tu bila msuli, ila inataka kuunganisha mishipa midogo ya damu chini ya darubini kwa saa nyingi, na madaktari wa kuifanya hapa nchini wanahesabika. Silikoni je? Ngozi iliyopigwa mionzi haiipendi, mara nyingi kovu linakizunguka kifuko na kukikaba. Na kabla yake mara nyingi huwekwa puto linalojazwa maji ya chumvi kidogo kidogo, unarudi hospitali tena na tena mpaka ngozi ivutike. Tena silikoni si ya maisha. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani inashauri lipigwe picha mwaka wa tano au wa sita kuona kama halijapasuka kimya kimya, kisha kila baada ya miaka miwili au mitatu. Nilipiga hesabu. Kila safari ya Mwanza ilikuwa inakula debe la maharage, nauli tu, hatujala.

"Ahsante daktari," mama mdogo akasema. "Ngoja nivune kwanza."

Nimesoma sana tangu siku hiyo, usiku, cherehani ikilala. Kwa miongo mingi titi lilikuwa linaondolewa na misuli ya kifua chini yake, njia iliyosambazwa na daktari Halsted wa Baltimore mwishoni mwa karne ya 19. Ilichukua mpaka miaka ya 1980, Veronesi kule Milano na Fisher kule Marekani, kuthibitisha kwamba uvimbe ukiwa mdogo unaweza kutoa kipande tu, ukaongeza mionzi, na mwanamke akaishi sawa na aliyekatwa lote. Lakini ona sharti lake: uje mapema, na mashine ya mionzi uifikie. Kwa hiyo mwanamke wa mbali anaweza kupoteza titi zima kwa sababu ya barabara, ugonjwa ukiwa ule ule wa mwenzake wa mjini.

Wamarekani wana sheria tangu mwaka 1998: bima inayolipia kukata titi ilipie na kulirudisha, ilipie kulilinganisha na lile jingine, ilipie titi la bandia, ilipie hata matibabu ya mkono uliovimba. Nilipoisoma niliona kama nasoma habari za peponi. Halafu nikasoma kwamba hata huko, wanawake wa vijijini wanarudishiwa titi mara chache kuliko wa mjini. Sheria ipo, ila daktari wa kazi hiyo anakaa mji mkubwa, puto linataka kujazwa, na nyumbani kuna mifugo. Nilimfikiria mwanamke wa mbali huko Kentucky, naye anamwambia daktari angoje avune. Huenda sidiria yangu ilikuwa ya mtu kama yeye.

Wana pia dodoso, linaitwa BREAST-Q, lilitoka mwaka 2009, la kupima maisha baada ya upasuaji. Linamwuliza mwanamke anajionaje kwenye kioo akiwa amevaa na akiwa hajavaa, nguo zinamkaaje, kifua kinamuuma kiasi gani, anajisikiaje mbele ya watu, na faragha yake na mwenzi wake. Nilikasirika niliposoma. Nikasema, kioo kipi? Mbona hamuulizi ndoo? Mbona hakuna tuta, kuni, kumpandisha mtoto mgongoni? Nilikuwa na hotuba nzima kichwani: kwamba haya ya kutengenezewa titi ni ya wenye kioo, kwamba mwanamke wa Kasulu anataka mkono wake tu, basi. Niliwaambia hivyo wateja wangu wawili watatu, wakaniunga mkono, nikavimba kichwa.

Safari iliyofuata, tulikuwa kwenye basi tukirudi kutoka kliniki ile ile. Tumeshapita Kibondo, giza limeingia, mwezi wa sita, na anayeijua Kasulu mwezi wa sita anajua baridi yake. Nilidhani amelala. Akaniuliza, sauti ya chini, "Lile la nyama ya mgongoni. Linakuwa na joto?"

Nikamwambia nadhani ndiyo, maana ni nyama yake, damu inapita.

Alinyamaza mpaka nikadhani yameisha. Kisha akasema hili langu lina ubaridi. Asubuhi kabla hajalivaa hulilaza karibu na mafiga, au kama moto bado, analiweka chini ya blanketi pale alipotoka kulala, lipate joto. Kwa sababu akilivaa la baridi, siku nzima anakumbuka. Likiwa la moto kuna saa anasahau.

"Kwa hiyo ungelitaka," nikasema.

"Nisingelitaka kwa nini?" Akaniangalia kama nilivyokuwa nikiangaliwa nikileta ripoti mbaya ya shule. "Nilimwambia daktari nivune kwanza. Sikumwambia sitaki."

Dodoso lile lina swali la kioo, na mama mdogo angekuwa na jibu. Mimi ndiye nisiyemuuliza. Nilimpima kifua, bega, kwapa, uzito kwa gramu, nikajua kila kitu ambacho futi inaweza kujua, na nikamkatia shauri mengine yote.

Sijui kama atafanyiwa. Mgongo au tumbo, bado tunajadili, na baba mdogo amesema jembe anaweza kushika yeye, maneno ambayo mama mdogo ameyapokea kwa mashaka makubwa. Mkono umefika mstari wa kumi na nne ukutani.

Wiki iliyopita alinitumia ujumbe: "Mwanangu nishonee mawili. La kwangu limechakaa. Lingine la mwenzangu wa Makere, tulikuwa naye Mwanza. Yeye ni la kushoto." Nikamjibu anipatie vipimo. Huko hakuna futi, kwa hiyo wamepima kwa kamba ya katani, wakafunga fundo pale kipimo kinapoishia, wakaipa konda pamoja na maharage ya mbegu kilo mbili ambayo sikuyaomba. Nimeinyoosha kamba mezani. Fundo la pili liko mbali kuliko nilivyotegemea. Ulezi nilionao hautatosha, kesho nitapita sokoni.